Kupasua barabarani: watu wa ambulansi wapewe kisu au wasipewe?

Kila ikitokea ajali kubwa hapa Zanzibar, iwe ya gari iwe ya jengo, hazipiti siku mbili utasikia mtu anauliza, kwani hawa watu wa ambulansi kwa nini wasiruhusiwe kupasua hapo hapo? Mbona huko Ulaya wanafungua kifua cha mtu pembeni mwa barabara na mtu anaishi, sie huku tunapakiwa tu nyuma ya gari tunakimbizwa mjini na tukifika tushakwisha. Upande wa pili nao haukawii kujibu, wee, kisu ni cha daktari, ukianza kumpa kila mwenye koti la kung'aa basi tutachinjwa barabarani. Nimeusikia ubishi huu barazani, nimeusikia mpaka msibani, na kila upande una haki yake kwa kiasi chake, ila wote wanatia mambo manne matano kwenye kapu moja wakati kila moja lina hukumu yake mbali.

Naanza na hilo la kifua kwa sababu ndilo linalowapagawisha watu.

Huduma ya helikopta ya London ilianza 1989, na 1993 ndo wakafanikiwa kwa mara ya kwanza kumpasua mtu kifua nje ya spitali na akaishi. Kabla hatujafika mbali tuwekane sawa, anayekata pale ni daktari. Helikopta ile hupanda daktari pamoja na paramediki, yaani mhudumu wa ambulansi aliyefunzwa mambo ya dharura, paramediki ana kazi yake na ni kubwa, lakini kisu cha kifua yuko nacho daktari, kwa hivo wanaosema "mbona maparamediki wa Uingereza wanapasua moyo" wanatolea mfano kitu ambacho hakiko hivo.

Kinachofanyika ni hivi. Mtu kachomwa kisu kifuani, damu inavujia ndani ya ule mfuko unaouzunguka moyo, mfuko unajaa, moyo unabanwa hauna nafasi ya kutanuka, mwisho unasimama. Hapo hata umkandamize kifua mpaka uishiwe na nguvu hufiki popote manake damu haina pa kuingilia. Basi wanakata kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili kupita chini ya matiti, ule mfupa wa kati wanaukata kwa mkasi mkubwa au kwa waya wa msumeno, wanafunua, wanauchana mfuko, wanatoa bonge la damu na wanaliziba tundu la moyo kwa kidole. Kidole tu. Yote hayo kwa dakika chache, mtu kalala kwenye lami, watu wamezunguka.

Matokeo yake je? London wenyewe walihesabu watu 601 waliopasuliwa kifua nje ya spitali kuanzia 1999 mpaka 2019. Waliotoka spitali wakiwa hai ni 30, yaani asilimia 5. Wale ambao shida yao ilikuwa moyo kubanwa na damu peke yake walipona 22 kati ya 105, karibu mmoja kwa kila watano, na hawa ni watu ambao bila ya hivo walikuwa ni maiti, hakuna wa kubisha. Lakini wale waliokuwa wamemaliza damu mwilini walipona 8 kati ya 418. Na moyo wa aliyebanwa ukishasimama zaidi ya dakika 15 hakupona hata mmoja, na kwa aliyemaliza damu kikomo ni dakika 5.

Anayetaka kisu atakwambia 30 ni 30, nenda kawaulize mama zao. Anayekataa atakwambia na hao 571 je, waliofunuliwa vifua mbele za watu na wakafa vile vile? Mie hesabu hii siioni kuwa ndo ya kuamulia. Nnachokitazama ni kinachofuata baada ya kile kidole kuziba tundu. Baada ya hapo anatakiwa mtu wa kushona, thieta, yaani chumba cha upasuaji, iliyo wazi saa hiyo, damu ya kutosha kwenye benki, mtaalamu wa usingizi, kitanda cha wagonjwa mahututi chenye mashine. London ukishapasua unapelekwa kwenye spitali kubwa ambayo timu imesimama inakusubiri. Ukimfungua mtu kifua Nungwi, una karibu kilomita 60 za kwenda mjini na kidole chako kiko ndani ya moyo wa mtu. Umfungue Micheweni kule Pemba halafu useme unampeleka wapi, boti ya saa ngapi?

Hapo ndo mie natenganisha. Zipo operesheni zinazonunua muda na zipo zinazokopa muda. Kupasua kifua ni kukopa, tena deni lake linadaiwa pale pale, na kama huna spitali ya kulilipa karibu basi umemkopea mtu asiyekuwa na uwezo wa kulipa. Isitoshe watu wetu wengi wanaoumia hawachomwi visu, ni wa bodaboda na magari, ni walioanguka, yaani wamepondeka, na waliopondeka hata huko London kupasuliwa kifua hakuwafai sana. Kwa hivo la kifua mie nalifunga, sio kwa kuwa maparamediki wetu hawana akili, ni kwa kuwa nyuma yao hakuna cha kupokelea.

Koo sasa ni habari nyengine kabisa.

Mtu kagonga uso kwenye usukani, taya limevunjika, damu na meno vimejaa mdomoni, kooni kumevimba, hewa haipiti. Mrija kwa mdomoni hauingii. Huyu hana nusu saa, ana dakika chache tu ubongo uanze kufa, na hapa huna haja ya thieta wala benki ya damu. Unapapasa shingo, unashuka kutoka kwenye kongomeo, chini yake kidogo kabisa kuna kibonde laini kama upana wa ncha ya kidole kabla hujakutana na mfupa mwengine wa duara, hapo ndo mlango. Unachana, unaingiza kijiti cha kuongozea, unapitisha mrija mwembamba juu yake, unapuliza, kifua kinapanda. Huyu ukishamaliza unaweza kwenda nae kilomita 60 na zaidi. Umemnunulia safari nzima. Marekani maparamediki wanaruhusiwa hili sehemu nyingi na ni miaka mingi sasa.

Wanaopinga wana hoja nzito hapa na isidharauliwe. Uingereza walifanya uchunguzi mkubwa wa matatizo ya njia ya hewa, ukatoka 2011, ukaonyesha kuwa madaktari wa usingizi, mabingwa hao, ndani ya spitali wenye taa na wasaidizi, walipojaribu kuitoboa koo kwa sindano katika dharura walishindwa karibu mara 6 katika kila 10. Sasa ikiwa bingwa anashindwa, paramediki wetu gizani Kizimkazi na simu mdomoni inamulika atafanyaje? Lakini somo lililochukuliwa halikuwa kuacha. Walichofanya ni kutupa sindano na kurudi kwenye kisu, na mwongozo wao wa 2015 ukaweka njia moja fupi ambayo kila mtu anaijua, kisu, kijiti, mrija, basi. Shida haikuwa mkono peke yake, ilikuwa na chombo na wingi wa njia, kila mtu na yake.

Na kuna upande ambao sie tuna bahati hatuioni. Mafunzo ya koo hufanywa kwa koo la kondoo au mbuzi, umbile lake linakaribia. Kisiwa hiki kwa koo za mbuzi hatuna dhiki, nenda soko la Darajani asubuhi, na Sikukuu ya Kuchinja ndo kabisa, zinatupwa. Mtu anaweza kuchana koo kumi kwa pesa ya chai. Nasema hivi manake kila tukizungumza mafunzo watu wanaanza kuhesabu madola na midoli ya plastiki ya kuagizwa nje, wakati kitu chenyewe kiko kwa muuza nyama.

Kifua kujaa hewa kiko jirani na koo. Pemba msimu wa karafuu kila mtu anajua, mchumaji yuko juu ya mkarafuu mrefu, tawi limekatika, kaja chini na ubavu. Mbavu zinavunjika zinatoboa pafu, hewa inatoka kwenye pafu inajaa kifuani haina pa kutokea, inalibana pafu halafu inausukuma na moyo. Kwa kawaida huanzwa kwa sindano nene, ila sindano mara nyingi haifiki au inajikunja. Njia ya pili ni kuchana baina ya mbavu chini kidogo ya kwapa na kupitisha kidole mpaka ndani, utaisikia hewa inatoka kwa kishindo. Hili linawezekana nje ya spitali na nchi kadhaa wanalifanya, lakini lina sharti ambalo wengi wanalisahau, linafaa kwa mtu ambaye anapuliziwa pumzi kwa bagi, ule mfuko wa kukamua kwa mkono, au moyo umeshasimama. Anaejivutia pumzi mwenyewe ukimwacha na tundu wazi ubavuni unamzidishia, kifua kitavuta hewa kwa tundu badala ya kwa pua. Kwa hivo huyu aliyeanguka mkarafuu, akiwa bado anahema na kulalamika, anahitaji sindano au mrija wa kifua na gari ya haraka ya kumpeleka spitali ya Chake au ya Abdalla Mzee, sio kidole. Mie hapa nasema ruhusa iwepo, ila kwa wachache na kwa sharti hilo tu, na ukiniuliza kipi kianze, koo kwanza.

Kuna hoja moja ya wanaounga mkono ambayo kwa kweli ni ya kwetu wenyewe na ina uzito kuliko video zote za London. Tanzania tangu miaka ya 60 tumekuwa na madaktari wasaidizi, watu ambao si madaktari wa chuo kikuu, wanaofanya operesheni za uzazi kwenye spitali za wilaya. Msumbiji nao wakaanzisha mafundi wao wa upasuaji miaka ya 80. Utafiti uliotoka 2009 uliwatazama madaktari wasaidizi wa Kigoma na Mwanza ukawalinganisha na madaktari kamili, na haukukuta tofauti ya maana baina yao kwa mama wala kwa mtoto. Basi watu wanasema, mnaona? Cheti si kitu, mpeni mtu mafunzo na kisu atafanya.

Nakubali nusu. Utafiti ule unathibitisha kuwa cheti si kitu, sawa, lakini yule daktari msaidizi wa Kigoma anapasua wiki nenda wiki rudi, mkono wake unajua njia hata akiwa usingizini. Paramediki wa Unguja akifunzwa kutoboa koo leo anaweza kukaa miaka asikutane na koo la kutoboa, kisha siku moja saa nane za usiku anakutana nalo. Kwa hivo mfano wa Kigoma unampa haki ya kufunzwa lakini haumpi mkono, mkono anatakiwa aupate kwa kurudia rudia, na hapo ndo tunaposhindwa sie, semina tunafanya moja, tunapiga picha na bango, tunagawana posho, mwaka wa pili hata kisanduku cha vifaa hakijulikani kiko wapi. Mwenye kutaka ruhusa hii aje na ratiba ya kurudia kila baada ya miezi kadhaa, vyenginevyo asije.

La kukata kiungo nalo watu hulitaja sana, khasa baada ya jengo la Beit al Ajaib kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na mafundi wakafukiwa, halafu lile ghorofa la Kariakoo la Novemba 2024 ambalo watu walikuwa wanasikika sauti zao chini ya kifusi. Mfano mkubwa wa dunia ni Oklahoma City 1995, jengo lililopigwa bomu, mwanamke mguu umebanwa na zege, daktari wa mifupa akaingia chini ya kifusi akamkata mguu, visu vya upasuaji vilimshinda akamalizia kwa kisu chake cha mfukoni. Mwanamke akaishi.

Ila hapa kukata ndo sehemu nyepesi. Kigumu ni kumlaza mtu bila ya kumuua, kupima ketamini, dawa ya kulaza, kwa mtu ambaye damu imepungua na umelala kwa tumbo humuoni uso, na kabla ya hapo kuamua kuwa kweli hakuna njia nyengine, manake ukikosea uamuzi umemkata mtu mguu ambao winchi ingeunyanyua baada ya nusu saa. Na wanaokimbilia kuwavuta watu kifusini haraka haraka wajue vile vile, mtu aliyebanwa masaa mengi ukimfungua ghafla sumu ya misuli iliyopondeka inarudi mwilini na moyo unaweza kusimama pale pale, hili madaktari wa London walishaliandika 1941 baada ya mabomu ya Wajerumani. Anatakiwa atiwe dripu kabla ya kunyanyuliwa jiwe, na dripu paramediki anaijua.

Kwa hivo la kukata kiungo naliona hivi, kisiwa chetu ni kidogo. Mtu aliyebanwa hana haraka ya dakika tano kama wa koo, mara nyingi kuna saa nzima au zaidi, basi mpelekeeni daktari wa upasuaji na wa usingizi pale alipo na begi lao. Kutoka mjini mpaka ncha yoyote ya Unguja ni mwendo wa saa moja na kitu. Pemba pia, Chake iko katikati. Kinachotakiwa ni orodha ya nani yuko zamu, gari, na begi lililofungwa tayari, kitu cha karatasi moja, wala hakihitaji kubadilisha sheria. Ajabu ni kuwa hili dogo hulisikii likidaiwa.

Imebaki ile ya mjamzito aliyesimama moyo, na hapa ubishi unakuwa mkali manake unaingia dini. Kanuni inayojulikana tangu 1986 ni kuwa moyo wa mama ukisimama na mimba imeshafika kitovuni au juu yake, kama haukurudi kwa dakika nne basi tumbo lipasuliwe pale pale alipo, mtoto awe nje ikifika dakika ya tano. Wengi hudhani ni kwa ajili ya mtoto tu. La, na mama nae, manake tumbo lile linabana mishipa mikubwa ya damu, likishatolewa mtoto damu inarudi kwenye moyo na wapo waliorejea uhai.

Anayepinga huleta hadithi kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja yu hai. Sawa, lakini huyu bado anapigwa kifua, hajatangazwa maiti. Na hata angekuwa maiti, katika madhehebu yetu ya Shafi wanavyuoni wamesema tumbo lipasuliwe ikiwa mtoto anatarajiwa kuishi, wengine kama Hanbali ndo waliokataza, kwa hivo kusema "dini haikubali" kwa Mzanzibari ni kusema haraka. Pingamizi langu mie halitoki huko, linatoka kwenye saa. Dakika nne! Ambulansi ikifika nyumbani kwa mtu Konde kule Pemba, hizo nne zishapita zamani. Ruhusa hii ingefaa tu kama moyo umesimama mbele ya macho yako, ndani ya gari, na mkononi una mtu wa pili wa kumshughulikia mtoto atakayetoka amelegea. Aliyepo wakati huo mara nyingi ni mkunga wa kituo cha afya, na mkunga ndo ningemfunza yeye kwanza. Na tusisahau kuwa kinachoongoza kuwaua mama zetu ni damu baada ya kujifungua, na hapo kinachookoa ni sindano ya kubana kizazi, damu ya kuongezewa na usafiri, huu mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha kina mama wa dharura unaotumia mpaka madereva wa kawaida wa mitaani umeokoa watu bila ya kisu chochote. Hali kadhalika meli zilizozama, Spice Islander 2011 na Skagit 2012, hakuna kisu ambacho kingewasaidia watu wale.

Basi ukinibana niseme ndio au hapana, nasema koo ndio, ubavu ndio kwa wachache na kwa sharti, kiungo mpelekee daktari, mjamzito aanze mkunga, kifua hapana kwa sasa mpaka kuwe na spitali inayoweza kulipa lile deni. Najua wapo watakaosema unawanyima watu nafasi, mtu anakufa unamtazama tu na wewe unajua cha kufanya. Inauma, na paramediki aliyesimama pale ndo inamuuma zaidi kuliko mie nnaeandika. Lakini kumpa mtu ruhusa ya kufanya jambo ambalo litashindwa kwa sababu ya spitali, kisha lawama ikaja kwake yeye, huko si kumheshimu.

Na hilo la lawama lazma liandikwe kabla ya kisu kutoka dukani. Nani anampa idhini kwa simu saa hizo, na simu isiposhika anaruhusiwa kuendelea au hapana. Kila mchano uangaliwe na madaktari ndani ya wiki moja, uliofaulu na ulioshindwa, bila ya kumsulubu mtu. Na familia ielezwe kilichofanywa kabla haijakabidhiwa mtu wao, manake ukimpa mtu maiti ya ndugu yake ina tundu shingoni na hujamwambia kitu, mwosha maiti ndo atakaetangaza habari hiyo, na ikishatoka chumba cha kuoshea huwezi tena kuirudisha. Awepo mtu mmoja mwenye jina na nambari ya simu wa kuulizwa, sio watu kuzungushwa dirisha hili na lile mpaka siku tatu za matanga ziishe.